Msimtwishe mama peke yake magonjwa ya mitokondria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nisahihishe jambo moja lililoandikwa katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, kwenye makala iliyoeleza habari za watoto wanane waliozaliwa Uingereza baada ya kiini cha yai lililorutubishwa la mama kuhamishiwa katika yai la mwanamke mwingine. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na lugha yake ilieleweka hata kwa mtu ambaye hakuwahi kusoma baiolojia. Hata hivyo, mwandishi alimalizia kwa kusema kwamba magonjwa ya mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo ya watoto wanaougua magonjwa hayo, na kwa wengi wao si kweli hata kidogo. Gazeti lako linasomwa mpaka Mpwapwa, Kongwa na Kondoa, na kinachochapishwa leo huweza kusomwa kwa sauti kesho kwenye kikao cha ukoo. Kwa hiyo naomba sahihisho litolewe mapema, kabla kauli hiyo haijatumika kumrudisha mwanamke kwa wazazi wake.

Kosa hilo lina asili yake, nami sitaki kumcheka mwandishi. Mitokondria ni vijisehemu vilivyomo ndani ya seli ambavyo hutumia oksijeni kuipata nguvu iliyomo katika chakula, na zina DNA yake zenyewe, tofauti na ile iliyo katika kiini cha seli. DNA hiyo ni fupi mno: ina herufi 16,569 na jeni 37 tu, na kati ya hizo ni 13 zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Wanasayansi wa Cambridge waliisoma yote na kuichapisha mwaka 1981. Kwa kuwa mitokondria zinazoingia na mbegu ya baba huharibiwa ndani ya yai muda mfupi baada ya mimba kutungwa, mtoto, awe wa kiume au wa kike, hubaki na za mama yake. Hapo ndipo vitabu vingi vya shule huishia, na mimi niliyefundisha wanafunzi wa uuguzi na utabibu kabla ya kustaafu ninajua kwamba hapo ndipo wanafunzi nao huishia, kwa sababu jambo hilo ni rahisi kukumbuka na hupenda kuulizwa kwenye mtihani.

Lakini jeni 37 haziwezi kuendesha kazi yote ya mitokondria. Protini zinazofanya kazi humo ni zaidi ya 1,000, na zote isipokuwa zile 13 hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni zilizo katika kiini cha seli, kwenye kromosomu ambazo kila mmoja wetu alipewa nusu na baba na nusu na mama. Protini hizo hutengenezwa nje ya mitokondria kisha huingizwa ndani. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na DNA ya mitokondria iliyo safi kabisa, aliyoipokea kwa mama yake bila dosari yoyote, na bado mitokondria zake zikashindwa kazi kwa sababu ya hitilafu iliyo katika kromosomu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeni iitwayo SURF1. Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya 9, na protini inayotokana nayo imejengwa kwa asidi za amino 300, ambazo ni kama matofali ya protini. Protini hiyo hukaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria na husaidia kuunganisha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kemikali katika seli, kiitwacho saitokromu oksidesi. Kimeng'enya hicho kina vipande 14. Vitatu hutoka kwenye DNA ya mitokondria na vilivyobaki hutoka kwenye jeni za kiini cha seli, na vyote lazima vikutane mahali pamoja, kwa mpangilio wake, pamoja na madini ya shaba na molekuli za hemu zenye madini ya chuma, ndipo kazi ianze. SURF1 si mojawapo ya vipande hivyo. Inafanana na fundi anayekuja kufunga mashine ya kusaga nafaka na kuondoka: ukiifungua mashine hutamkuta ndani, lakini asipokuja, mashine hubaki vyuma vilivyotawanyika sakafuni. Tunachokijua kuhusu kazi yake ni kwamba inahusika hasa na hatua ya kuweka hemu katika kipande kikubwa cha kimeng'enya hicho. Undani wake bado unachunguzwa.

Umuhimu wa kimeng'enya hicho hauhitaji kutiwa chumvi. Oksijeni ambayo mwili huitumia, karibu yote, huishia hapo: kimeng'enya hupokea elektroni zilizotoka kwenye chakula na kuzikabidhi kwa oksijeni, maji yakatokea, na nguvu inayopatikana katika safari hiyo ndiyo hatimaye hutumika kutengeneza ATP, ambayo seli huitumia kwa kila jambo, kuanzia kukunja msuli hadi kufikiri. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu yote wakati mwili umepumzika. Na ubongo wa mtoto mchanga hudai sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Ndiyo maana kimeng'enya hicho kikipungua, ubongo huumia kabla ya ngozi na mifupa. Wasomaji waliowahi kusikia habari za sianidi katika mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vizuri wajue kwamba sumu hiyo nayo hushambulia kimeng'enya hichohicho. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi wa Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula mihogo iliyoandaliwa haraka, na wala ugonjwa huo si wa kurithi. Nataja hilo ili ieleweke tangu mwanzo kwamba si kila udhaifu wa mitokondria ni wa kurithi, achilia mbali kuwa wa kurithi kwa mama.

SURF1 ikiwa na hitilafu katika nakala zake zote mbili, ugonjwa unaotokea mara nyingi ni ule uitwao kwa jina la daktari Mwingereza Denis Leigh, aliyeueleza mwaka 1951 baada ya kuchunguza ubongo wa mtoto mchanga aliyefariki. Mtoto huzaliwa akiwa na afya, hunyonya, hucheka, huanza kushika shingo. Kisha, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka, na mara nyingi baada ya homa au maambukizo ya kawaida, huanza kurudi nyuma. Hapati uzito, hutapika, misuli hulegea, macho huchezacheza, shingo aliyokuwa ameishika humshinda tena, na baadaye pumzi yenyewe huwa ya kusitasita. Asidi ya laktiki huongezeka katika damu kwa sababu seli hulazimika kutafuta nguvu bila kuitumia oksijeni ipasavyo. Kipimo cha MRI huonyesha madoa yanayolingana kulia na kushoto katika sehemu za ndani za ubongo na kwenye shina la ubongo. Wengi wa watoto hawa hufariki wangali wadogo, ingawa wapo wachache walioishi mpaka ujana, na hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuirekebisha hitilafu ya SURF1.

Msomaji wa Dodoma ataona mara moja jinsi ugonjwa wa namna hiyo unavyoweza kupita katikati yetu bila kutambuliwa. Mtoto aliyeacha kukua ataandikwa utapiamlo. Aliyeanza kuzorota baada ya homa ataambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Anayekakamaa ataitwa wa degedege, na bibi yake ataagiza apelekwe kwa mganga. Simlaumu bibi. Malaria na utapiamlo ni miongoni mwa vinavyoua watoto wengi, na tabibu wa zahanati anayeanza na hivyo anafanya kazi yake sawasawa. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata: mtoto wa pili akiugua vilevile, maneno huacha kuwa ya kitabibu na kuwa ya kifamilia, na anayeulizwa kila mara ni mama. Nimefanya kazi katika wilaya za mkoa huu na nimewasikia akina mama wakiulizwa kwao kuna nini, walikula nini, walimkosea nani. Sijapata kusikia baba akiulizwa. Sasa fikiria, Ndugu Mhariri, maneno ya gazeti yakiongezwa juu ya hayo.

Kuna ushahidi gani kwamba ugonjwa huu hautoki kwenye mitokondria za mama? Ushahidi ulipatikana mwaka 1998, na njia iliyotumika inastahili kuelezwa kwa sababu haiachi shaka. Kundi moja la watafiti lilikuwa Montreal, Kanada, na jingine Italia. Walikuwa na seli za wagonjwa wa Leigh ambazo kimeng'enya chao kilikuwa hafifu, wakataka kujua kosa liko wapi. Waliingiza katika seli hizo kromosomu za mtu mwenye afya, na pale tu ilipoingia kromosomu ya 9, kimeng'enya kiliamka na kufanya kazi. Mitokondria zilikuwa zilezile za mgonjwa, na DNA yake ilikuwa ileile aliyopewa na mama yake. Kilichobadilika ni kromosomu. Walipochambua eneo hilo la kromosomu ya 9 waliikuta SURF1, na wagonjwa wakaonekana kuwa na hitilafu katika nakala zote mbili za jeni hiyo: moja ya baba, nyingine ya mama. Tangu hapo hitilafu nyingi za SURF1 zimeorodheshwa katika nchi mbalimbali, na jeni hii ni miongoni mwa zinazopatikana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye ugonjwa wa Leigh ambao kimeng'enya hicho kimepungua.

Nisije nikaeleweka vibaya: ugonjwa wa Leigh wenyewe hausababishwi na SURF1 peke yake. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 100 zinazoweza kuuleta. Baadhi ziko kwenye DNA ya mitokondria, na hapo kauli ya mwandishi wako ni sahihi. Sehemu hiyo hukadiriwa kuwa baina ya moja ya tano na robo ya wagonjwa wa Leigh. Chache ziko kwenye kromosomu ya X. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hufuata njia ya SURF1. Nchini Afrika Kusini, madaktari wa watoto wa Cape Town na wenzao walieleza mwaka 2018 habari za watoto wachanga 24 waliougua ini na ubongo kwa sababu ya jeni nyingine inayohusika na kazi ya mitokondria, MPV17. Wote walikuwa na hitilafu ileile moja, tena kwa nakala mbili. MPV17 nayo iko kwenye kiini cha seli. Hao ni watoto wa Kiafrika, wa bara hili hili, na kwa kila mmoja wao wazazi wote wawili walichangia bila kujua.

Namna ya kurithi si ngeni kwa Watanzania. Tunaijua kupitia selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, takriban 11,000 kila mwaka, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Kampeni zimeeleza vya kutosha kwamba mtoto mwenye selimundu amepokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama, na kwamba mwenye nakala moja tu huishi maisha yake bila hata kujua. SURF1 ni hivyo hivyo. Mzazi mwenye nakala moja yenye hitilafu na nyingine nzima hana ugonjwa, kwa sababu nakala nzima inatosha kutengeneza protini inayohitajika. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa mtoto mzima anayebeba nakala moja, na asilimia 25 wa mtoto asiye na hitilafu kabisa. Nasisitiza neno kila mimba. Nimewasikia watu wenye elimu nzuri wakisema kwamba kwa kuwa mtoto mmoja kati ya wanne ameshaugua, watatu wanaofuata wako salama. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo familia hujidanganya kwa ushahidi unaoonekana kuwa mzito. Mume na mke wamezaa watoto wawili, wote wakaugua na kufariki. Wazee wanakaa, mke anarudishwa kwao, mume anaoa mwingine, na huyo wa pili anazaa watoto wanne wenye afya. Ukoo mzima unasema: mmeona, tatizo lilikuwa la yule. Nani atabishana na watoto wanne wanaokimbia uani? Lakini hesabu ya jeni inasema kitu kingine. Mume bado anayo nakala yake yenye hitilafu, na takriban nusu ya wale watoto wanne wameipokea. Hawakuugua kwa sababu mke wa pili hakuwa mbebaji, na wabebaji wa hitilafu ya SURF1 ni wachache kiasi kwamba kumpata mwingine kwa bahati ni nadra. Mke wa kwanza naye, akiolewa kwingine, kwa sababu hiyohiyo atazaa watoto wazima, na huko ukoo wake utakuwa na haki ileile ya kusema tatizo lilikuwa la mume. Pande zote mbili zitakuwa na ushahidi, na zote mbili zitakuwa zimekosea. Uwezekano wa wabebaji wawili kukutana huongezeka pale mume na mke wanapokuwa ndugu wa damu, kwa mfano binamu, kwa kuwa wanaweza kuwa wamepokea hitilafu ileile kwa babu au bibi mmoja. Sisemi hayo ili ndoa za binamu zipigwe marufuku. Katika familia nyingi zimeleta watoto wazima. Nasema tu kwamba daktari anayeuliza swali la udugu wa wazazi hapaswi kuonwa kuwa anawatukana.

Sasa narudi kwenye ile teknolojia ya kuhamisha kiini cha yai iliyofanyika Newcastle, Uingereza, ambayo bunge la Uingereza liliiruhusu mwaka 2015 na ambayo matokeo ya wale watoto wanane yalitangazwa Julai 2025. Kinachofanyika ni kukichukua kiini chenye kromosomu za baba na mama na kukiweka katika yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima. Mtoto hupata kromosomu za wazazi wake na mitokondria za mfadhili. Kwa familia yenye hitilafu katika zile jeni 37, hilo ni tumaini kubwa, na mtoto wa kwanza aliyejulikana sana kuzaliwa kwa njia inayofanana na hiyo, mwaka 2016, mama yake alibeba hitilafu ya Leigh iliyo kwenye DNA ya mitokondria. Lakini kwa familia yenye hitilafu ya SURF1 njia hiyo haina msaada wowote, kwa kuwa hitilafu husafiri pamoja na kiini. Mzazi wa Dodoma aliyesoma makala ile, akauza ng'ombe na shamba ili aitafute huduma hiyo ng'ambo, angeweza kurudi na mtoto mwenye ugonjwa uleule. Kinachoweza kuwasaidia wazazi wa namna hiyo, pale huduma zinapokuwepo, ni kupima kijusi mapema au kupima viinitete vilivyotungishwa maabara kabla ya kupandikizwa, na hayo hayawezekani mpaka hitilafu yenyewe ijulikane kwa baba na kwa mama.

Kuhusu tiba, nitasema kwa ufupi kwa kuwa mimi si daktari bingwa. Miongozo inatahadharisha kuhusu valproeti, dawa ya kifafa inayotumika nchini, kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa mitokondria, kwa sababu inaweza kuliumiza ini lake vibaya. Hatari hiyo ni kubwa kupita zote kwa wenye hitilafu ya jeni nyingine iitwayo POLG, lakini SURF1 nayo imo katika tahadhari. Pia yapo magonjwa machache yanayofanana na Leigh kwenye picha ya MRI ambayo hutulia kwa vitamini, hasa thiamini na bayotini, na hivyo si busara kumwambia mzazi kwamba hakuna la kufanya kabla hizo hazijajaribiwa. Mashine ya MRI ipo katika jiji hili. Kipimo cha asidi ya laktiki hakihitaji maabara ya ajabu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kulifikiria jina la ugonjwa, na hilo ndilo gazeti linaweza kulisaidia likiandika kwa usahihi.

Kipimo cha jeni chenyewe ndicho kigumu, na sampuli za aina hii mara nyingi hulazimika kupelekwa nje. Hata hivyo, kuna jambo la gharama ndogo ambalo hospitali zetu zingeweza kulizoea. Mtoto anapokuwa mahututi na ugonjwa wake haujajulikana, mililita chache za damu, zikitolewa kwa ridhaa ya wazazi na kuhifadhiwa kwenye jokofu la kugandisha, zinaweza kujibu swali miaka kadhaa baadaye, wakati mama ana mimba nyingine na mtoto wa kwanza ameshazikwa. Damu isipochukuliwa siku ile, mara nyingi nafasi hiyo hairudi.

Damu ya baba nayo itahitajika, na hapa natabiri taabu. Katika nchi yetu, mtu akisikia neno DNA anafikiria jambo moja: mtoto ni wa nani. Mwanamume akiitwa hospitalini kutoa damu kwa ajili ya DNA ya mwanawe, atadhani mke wake ana la kujibu, na mke naye ataogopa hata kama hana la kuogopa. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, ambayo usimamizi wake uko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, imeshaweka utaratibu wa nani achukue sampuli na kwa ridhaa gani. Lakini sheria haimwelezi baba, pale kwenye benchi la kliniki, kwamba anachotafutiwa ni nakala moja ya SURF1 ambayo huenda aliipokea kwa babu yake. Maelezo hayo lazima yatolewe na mtu, kwa Kiswahili, au kwa Kigogo au Kirangi inapobidi, na yatolewe kwa wazazi wote wawili wakiwa wameketi pamoja kabla sindano haijatoka kwenye kasha. Anayetoa maelezo aseme ukweli pia kwamba kipimo hicho kinaweza kufichua habari za uzazi ambazo hazikuulizwa, na akubaliane nao mapema zitashughulikiwaje.

Fomu nyingi za kuombea vipimo ambazo nimeziona zina nafasi ya kuandika historia ya ugonjwa katika familia, na karani au muuguzi humwuliza mama kwa sababu ndiye aliyeleta mtoto. Baba akiwepo, nafasi hiyo hubaki ikiwa na majibu ya upande mmoja vilevile. Ningeomba wanaoziandaa waigawe mara mbili, upande wa baba na upande wa mama, na fomu isipokelewe maabara ikiwa upande mmoja umeachwa wazi bila sababu kuandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi mstaafu wa vyuo vya afya,
Kikuyu, Dodoma